RSV kwa mtoto mchanga: mama achanjwe, au mtoto achomwe sindano?

Kabla ya Korona, madaktari wa watoto Marekani waliijua ratiba ya RSV, virusi vinavyoshambulia njia ya hewa: huja na baridi, huondoka na baridi. Janga likaivuruga. Majira ya baridi ya 2020 kuingia 2021 virusi hivyo karibu vitoweke, vikaibuka kiangazi cha 2021, na kufikia Novemba 2022 wodi za watoto zilikuwa zimefurika. Aliyewahi kumwona kichanga ambaye mbavu zake zinabonyea kila anapovuta pumzi, pua zikitanuka, ziwa limemshinda kunyonya, hawezi kulichukulia jambo hili kirahisi.

Mwaka 2023 nchi hiyo iliidhinisha kinga mbili. Ya kwanza ni chanjo ya Abrysvo, ambayo huko mjamzito huchomwa kati ya wiki ya 32 na ya 36. Kingamwili zake hupita kwenye kondo la nyuma, mtoto akazaliwa nazo. Napenda hilo: analindwa tangu siku ya kwanza. Ila chanjo inahitaji kama wiki mbili kabla ya kujifungua, na njiti hasubiri.

Ya pili, nirsevimab, ni kingamwili iliyokwisha kutengenezwa. Mtoto huchomwa pajani: miligramu 50 akiwa chini ya kilo 5, miligramu 100 akifikia uzito huo.

Wengi huhitaji moja tu. Lakini msimu ukiyumba kama ulivyoyumba 2021, mimi naegemea nirsevimab, kwa kuwa hata aliyezaliwa miezi kadhaa kabla ya wimbi anaweza kuchomwa linapokaribia.