Vitabu vya mashindano ya anatomia na fiziolojia: kabla hujalipa, angalia majina yameandikwa wapi

Wazazi na walimu wananiandikia malalamiko yaleyale: mtoto kanunuliwa kitabu kinene, kakisoma mpaka kimechakaa, kafika kwenye mashindano kawekewa mchoro usio na majina, kuna mshale tu, kakwama. Jamani msimlaumu mtoto. Tatizo ni kitabu, na kasoro yenyewe wauzaji hawaitaji kabisa: majina yamechapwa juu ya kiungo chenyewe.

Fungua ukurasa wa mifupa ya kifundo cha mkono, ile minane midogo. Kama neno skafoidi limekaa juu ya mfupa wake, huwezi kulifunika bila kuufunika na mfupa, kwahiyo kila ukiangalia unasoma tu, hujipimi, jicho linazoea neno na umbo la mfupa hulijui. Majina yakiwa pembeni, na vimstari vinavyoelekea kwenye mifupa, unaweka karatasi, unataja, unafunua. Hapo ndo unafanya mazoezi ya mashindano yenyewe.

Ndo maana namba moja kwangu ni atlasi ya Netter, yaani kitabu cha michoro ya mwili wa binadamu, na nitaipigia debe popote. Frank Netter alikuwa daktari na mchoraji, atlasi yake ikatoka mara ya kwanza 1989, na majina yamepangwa pembeni hivyohivyo ninavyotaka. Toleo la zamani lililotumika linatosha sana kwa mwanafunzi, usikubali kuambiwa lazima ununue jipya.

Ila Netter haikufundishi mwili unafanyaje kazi. Hapo namba mbili ni kitabu cha OpenStax cha anatomia na fiziolojia, cha Chuo Kikuu cha Rice, sura 28, bure kabisa mtandaoni na ni halali. Mfano pato la moyo, yaani damu ambayo moyo unasukuma kwa dakika: kila pigo karibu mililita 70, mapigo 70 kwa dakika, unapata karibu lita 5. Ukielewa hesabu hiyo, hata wakikubadilishia namba moja huyumbi, lakini aliyekariri "lita 5" kaisha.

Namba tatu ni Anki, programu ya kadi za kujipima, unatengeneza kadi mwenyewe, na ina sehemu ya kuficha majina kwenye picha. Bure kwenye kompyuta na Android, kwenye iPhone unalipia.

Modeli za plastiki: bila namba na orodha ya majina usinunue. Fotokopi nyeusi na nyeupe pia hapana, kwenye atlasi nyingi rangi ni maelezo. Ateri ya mapafu, mshipa unaopeleka damu kutoka moyoni hadi kwenye mapafu, inachorwa bluu ingawa ateri nyingine ni nyekundu, kwa sababu imebeba damu isiyo na oksijeni, sasa kwenye fotokopi utalijuaje hilo?

Na hawa wauza vitabu vilivyotumika wananiudhi kweli, wanaandika "kamili" halafu namba ya siri ya kuingilia mazoezi ya mtandaoni ilishatumika zamani na mwenye kitabu wa kwanza, bei hawajapunguza hata kidogo, na mzazi anadhani amenunua vyote. Wanakutumia picha ya jalada tu. Omba picha ya ukurasa wa misuli ya mkono na ya hapo namba ilipo, tena kabla ya kutuma hela, na akianza visingizio tafuta muuzaji mwingine.