Neve 1073 za miaka ya 1970: uzoefu wangu, na kwa nini wengi hawausikii utamu wake

Ninazo moduli mbili za 1073, za asili (ni priampu ya maikrofoni yenye ikwalaiza, yaani kirekebishi cha besi, kati na juu, iliyotengenezwa na Neve kwa madawati ya kuchanganyia sauti), zimefungwa kwenye raki moja na kulishwa na pawasaplai ya 24 V iliyo nje ya raki. Zinapitishiwa waimbaji, besi, gitaa na udi karibu kila siku. Bei ya jozi kama hii inanunua gari la mtumba na chenji inabaki, kwa hiyo mtu ana haki ya kuuliza kama pesa hiyo inasikika.

Inasikika, ila si pale wengi wanapoitafuta. Chomeka maikrofoni nzuri, pandisha geini mpaka taa ya kijani ya intafesi (kifaa kinachoingiza sauti kwenye kompyuta) ichangamke, imba. Utapata sauti safi, tulivu, na pengine utajiuliza kelele zote zile mtandaoni ni za nini. Karatasi za kiwanda zinasema upotoshaji hauzidi 0.07% kati ya 50 Hz na 10 kHz, pato likiwa +20 dBu (dBu ni kipimo cha ukubwa wa umeme wa sauti). Rupert Neve alipoibuni 1073 mwaka 1970 alikuwa anasaka usafi, na alikaribia sana kuupata. Unene unaosifiwa unakuja pale chuma cha transfoma kinapobanwa kwa kusukumiwa sauti kubwa, na kwenye studio nyingi za leo chuma hakibanwi kamwe, kwa sababu intafesi inapasuka (inazidiwa na kukata sauti) kabla yake.

Hapo ndipo pa kuelewa kwanza. Sauti inaingia kupitia transfoma ya maikrofoni, inapita ngazi za transista, inaingia kwenye ikwalaiza, kisha inafika kwenye kadi ya pato, BA283. Mwishoni mwa kadi hiyo kuna transista moja ya 2N3055. Fundi redio yeyote wa mtaani anaijua: ni lile kopo la chuma lenye matundu mawili ya skrubu, lililojaa kwenye pawasaplai na amplifaya za zamani. Hapa inafanya kazi kwa mtindo wa Class A, yaani inakula mkondo muda wote hata pakiwa kimya, na ndiyo maana moduli inachemka bila mtu kuimba. Inaisukuma transfoma ya pato, LO1166, ambayo msingi wake wa chuma umeachwa na mwanya kwa makusudi, kwa kuwa mkondo wa DC unapita humo saa zote.

Chuma cha transfoma kinashiba. Na kinashibishwa zaidi na sauti nzito: kwa volti ileile, 40 Hz inakitwisha mzigo mara mbili ya 80 Hz. Ndiyo maana besi na ngoma ya miguu hunenepa mapema, kona za wimbi zikilainika, wakati sauti ya mwimbaji bado haijaguswa. Plagini nyingi huchafua sauti yote kwa kipimo kimoja, kisha tunashangaa mbona haifanani.

Sasa hesabu. 1073 inaweza kutoa hadi +26 dBu kwenye mzigo wa ohmu 600. Hiyo ni kama volti 15.5. Intafesi ya kawaida inafika mwisho wake kwenye +18 dBu hivi, nyingine chini ya hapo. Maana yake ukitaka kusikia chuma, umeshapasua upande wa kidijitali muda mrefu, na ule mkwaruzo unaousikia ni wa intafesi. Moduli yenyewe haina nobu ya kupunguza pato, maana ndani ya dawati kazi hiyo ilifanywa na feda (kitelezi cha kupandisha na kushusha sauti) iliyoifuata. Raki zilizotengenezwa vizuri huongezewa nobu hiyo. Kama yako haina, tengeneza pedi, yaani kipunguza sauti cha rezista.

Pedi ya desibeli 10 inahitaji rezista tatu za ohmu 200. Moja iweke mfululizo kwenye waya wa pini 2 ya plagi ya XLR, moja kwenye waya wa pini 3, na ya tatu iunganishe pini 2 na 3 upande wa intafesi. Unapata punguzo la desibeli 9.5, na 1073 inaona jumla ya ohmu 600. Kama intafesi ni dhaifu na unahitaji 20, weka 270 kila upande na 62 katikati: jumla ni 602, punguzo 19.7. Chukua rezista za nusu wati. Za robo wati zinaweza kuhimili, lakini ukisukuma hadi +26 kila 270 inabeba karibu wati 0.18, na sipendi kitu kinachopikika ndani ya plagi ya XLR. Hakikisha mbili za pembeni zinalingana, la sivyo umevuruga usawa wa laini na mvumo utaingia.

Pedi hii inatibu na ugonjwa wa pili. Transfoma ya pato ilipangwa kuona ohmu 600, na pembejeo za leo ni ohmu elfu 10 na kuendelea. Ikiachwa bila mzigo, sehemu ya juu kabisa ya sauti huinuka na kuwa kali kidogo. Wengine wanaipenda hivyo. Mimi kwa waimbaji siitaki, kwa sababu Kiswahili kina "s" na "sh" za kutosha bila kuongezewa. Kama hutaki pedi, rezista moja tu ya ohmu 600 hivi kati ya pini 2 na 3, upande wa intafesi, inamaliza kazi.

Ukishapunguza pato, pandisha geini bila woga. Nobu nyekundu inaruka desibeli 5 kila mbofyo, upande wa maikrofoni kuanzia 20 hadi 80. Ukivuka 50, ngazi nyingine ya kukuza inaingia kazini na tabia inabadilika kidogo. Kwa besi iliyopitia DI (kisanduku cha kuchomeka chombo moja kwa moja bila maikrofoni), panda mbofyo mmoja mmoja huku ukisikiliza noti za chini kabisa. Kuna mahali noti inaacha kuvimba na kuanza kukaa, kama imeketi kitini. Mbofyo mmoja zaidi inakuwa mbovu. Desibeli 5 ni hatua kubwa mno kwa kazi hiyo, kwa hiyo mbofyo wa katikati utaupata kwa kurekebisha chanzo.

Swichi ya impedansi (ukinzani ambao maikrofoni inauona, kwa ohmu), 1200 na 300, haijulikani vya kutosha. Inaunganisha nyuzi za mwanzo za transfoma ama mfululizo ama sambamba. Kwa maikrofoni ya ohmu 200, ukihama kutoka 1200 kwenda 300 sauti hupanda kama desibeli 3, na masikio yetu ni mepesi kudanganyika: kilichopanda tunakiita kizuri. Linganisha baada ya kusawazisha viwango. Maikrofoni ya utepe (ile yenye utepe mwembamba wa chuma ndani) kama Coles 4038, ambayo ni ohmu 300, iache kwenye 1200, kwani kwenye 300 inaelemewa. Maikrofoni ya SM57 mbele ya amplifaya ya gitaa, kwangu, hukaa vizuri zaidi kwenye 300. Ule ukali wa kati unatulia.

Ikwalaiza ndiyo ninayoisifia bila masharti. Juu ni rafu ya 12 kHz peke yake, yaani inainua au kushusha eneo lote la juu kwa pamoja. Katikati unachagua 0.36, 0.7, 1.6, 3.2, 4.8 au 7.2 kHz. Chini ni 35, 60, 110 au 220 Hz, na kichujio cha kukata besi kina 50, 80, 160 na 300 Hz, kikishuka desibeli 18 kwa oktava. Kwa ngoma ya miguu: ongeza 60, kata kwa kichujio cha 50. Vikifanya kazi pamoja vinakupa kishindo kisicho na matope. Kwa udi: kichujio cha 80, punguza 220 kidogo ili tumbo la chombo lisizibe, kisha ongeza 3.2 kwa kiasi cha kusikia kipigio kikigusa uzi. Rafu ya 12 kHz huanza kuinua chini sana ya namba yake, kwa hiyo inabeba na zile "s". Nobu za kuongeza na kupunguza hazina vituo. Piga picha ya mpangilio kabla ya kuzima, au kesho utakisia.

Upande wa umeme, dawati la asili lilileta 48 V ya maikrofoni za kondensa kwa njia yake. Raki inahitaji saplai ya pili, na rezista mbili za kilo-ohmu 6.81 kwa kila chaneli, zilizolingana. Ukichomeka maikrofoni ya utepe, zima 48 V kwanza. Waya uliounganishwa vibaya unatosha kuung'oa utepe. Pawasaplai iweke mita moja au zaidi mbali na raki. Mvumo wa 50 Hz ukitokea, ni usumaku wa transfoma ya umeme au mzunguko wa ethi. Ukiwa wa 100 Hz, angalia kapasita kubwa za pawasaplai, zimechoka. Na kwa umeme wetu wa kupanda na kushuka, stabilaiza si anasa.

Kuharibika kwake kunatabirika. Kapasita za elektroliti hukauka: besi inapungua na kelele za nyuma zinaongezeka. Zile za mikrofaradi 80 unaweza kuzibadilisha kwa 100, ukizingatia chanya na hasi. Badilisha zote za kadi moja kwa mpigo, lakini zile za filamu ziache, hazina kosa. Kapasita za tantalamu hazikauki, zinafunga shoti, na moja tu inatosha kuizima moduli nzima. Pwani kama Dar es Salaam, unyevu wenye chumvi unakula midomo ya swichi: ukizungusha geini inakwaruza au chaneli inapotea. Zima umeme, pulizia dawa ya kusafisha swichi za umeme (si mafuta ya bawaba, yanaacha utando unaonasa vumbi), zungusha mara 30, acha ikauke. Kitu kimoja usiguse: ile trimpoti ndogo (rezista ya kurekebisha kwa bisibisi) ya BA283. Inapanga mkondo wa transista ya pato, na bila oskiloskopu na mawimbi ya majaribio utakuwa unabahatisha. Nyingi ya zile zinazoitwa "1073 yenye uchafu mtamu" zimeguswa hapo tu.

Unaponunua, fungua kifuniko. Transfoma za Marinair ndizo zinazofukuziwa, ila zile zenye jina St Ives si za kudharau. Kama zimebadilishwa kwa Carnhill VTB9045 na VTB1148, bei ishuke, lakini kifaa hakijafa. Ni kampuni inayotengeneza transfoma za muundo huohuo hadi leo. Kisha ingiza wimbi la 1 kHz na pandisha swichi mbofyo kwa mbofyo ukisoma mita. Kila mbofyo uwe desibeli 5. Palipo na 3 au 8, kuna rezista iliyoungua au mdomo mchafu. Jaribio hili halizidi dakika tano, na muuzaji asiyelitaka mwache na mali yake.

Kwa asiyehitaji ikwalaiza, tafuta 1272. Ilikuwa amplifaya ya laini ndani ya madawati ya Neve, ina kadi ileile ya BA283, na mafundi wengi huigeuza kuwa priampu. Ni bei nafuu zaidi, na ukibana chuma chake tofauti ninayoisikia ni ndogo kuliko ya kuhamisha maikrofoni sentimita tano. Kati ya nakala mpya, zile zenye transfoma za Carnhill, mfano Warm Audio WA73, zinaingia eneo lilelile zikisukumwa vizuri, kwa pedi ileile.

Ngoma za mtindo wa kugonga na kuachia, snea hasa, ningeipa priampu ya API 312 kazi hiyo: opampu ya 2520, umeme wa ±16 V, sauti inayosogea mbele haraka. Na V72 ya valvu, ile ya redio za Kijerumani, ni tamu, lakini geini yake ni desibeli 34 basi. Kwa kondensa inayotoa sauti kubwa inatosha. Ukiiwekea maikrofoni ya utepe mbele ya mwimbaji wa sauti ya chini, utahitaji priampu nyingine nyuma yake.