Bustani ya Forodhani: mandhari ambayo bado ni ya wote

Anayetaka kuuona uso wa Mji Mkongwe wa Zanzibar bila kulipa, aende Forodhani saa kumi na nusu jioni, jua linapoyapiga majengo ya pwani. Simama kwenye ukuta wa bahari. Katikati ya bustani miti inaziba. Baada ya magharibi moshi wa mishikaki unafunika kila kitu.

Pengo katika safu ya majengo hayo lilitokea Beit el Ajaib, jumba la 1883, ambalo sehemu yake iliporomoka 25 Desemba 2020.

Kinachouma zaidi kipo Shangani, mtaa wa humo humo Mji Mkongwe. Mambo Msiige lilikuwa jengo la serikali, leo ni hoteli, na jengo jipya ubavuni mwake liliitia UNESCO wasiwasi. Kuta za zamani zimetunzwa, hilo tulikubali. Lakini mikataba ya majengo ya umma lazima itaje urefu wa mwisho na upande usiozibwa kabla ya saini, kwani zege likishamwagwa hakuna wa kulishusha.

Chakula cha Forodhani: urojo na juisi ya miwa, safi. Samaki ulizia bei kwanza, na achomwe mbele yako. Waliopangwa mezani hupashwa tu.