Kipampu cha hewa cha kuchaji: mwenye sato anunue, mwenye kambale atunze hela yake

Nakitumia tangu masika kwenye bwawa la turubai la sato, huku Morogoro. Ni kipampu cha Kichina, jina kwenye boksi halisomeki vizuri. Ndani unapata mpira, jiwe la mapovu na waya wa chaji. Kariakoo walianzia 60,000, nikakichukua kwa 45,000.

Kazi yake utaiona alfajiri. Mfugaji wa sato anaijua hali ile: saa kumi na moja unakuta samaki wote wamepanda juu, midomo nje, wanahema. Wengine hudhani ni njaa, wakawamwagia pumba, ndio wanazidi kuwamaliza. Maji ya kijani hutoa oksijeni mchana, lakini jua likizama ukijani wenyewe (ni vimea vidogo visivyoonekana kimoja kimoja) nao unaivuta, unagombania na samaki, na chakula kilichobaki kikioza kinavuta pia. Kunapokaribia kucha ndipo inakuwa kidogo kuliko saa zote. Joto nalo halisaidii: maji ya nyuzi 20 hubeba kama miligramu 9 za oksijeni kwa lita, ya nyuzi 30 hayafiki 8. Sasa nakiwasha usiku kucha, na asubuhi sato wangu wako chini wametulia.

Jiwe ndilo lililonifurahisha. Linatoa mapovu madogo madogo kama ya soda, yanapanda taratibu huku yakiyazungusha maji ya chini yaje juu kukutana na hewa. Likiziba utaona mapovu makubwa machache. Lisugue kwa mswaki wa zamani.

Chaji ni kasoro. Boksi linadai saa 24. Thubutu! Umeme ukikatika jioni, hakikufikishi alfajiri, na alfajiri ndiyo hasa nilichokinunulia. Kina kelele pia, mpaka ukiwekee kipande cha godoro chini.

Muuzaji alitaka nichukue viwili. "Dada, hakuna kiumbe hai kinachoishi bila oksijeni, hiki kingine weka kwa kambale." Maneno ya biashara hayo. Kambale anaihitaji oksijeni, sawa, ila halazimiki kuitoa kwenye maji peke yake: juu ya matamvua ana kiungo chenye matawi kama mti mdogo, anapanda, anagugumia hewa, anarudi chini. Tenki lake liachie nafasi juu, inatosha. Vifaranga vichanga ndio wa kuwekea pampu, maana kiungo hicho kwao bado hakijaota. Kamongo ndiyo kabisa, akishakua ukimzuia kupanda juu anakufa maji.

Na hilo la "hakuna kiumbe" nalo si kweli. Tope jeusi la chini ya bwawa, lile linalonuka yai viza, limejaa bakteria wasioitumia oksijeni hata chembe. Wengine ikiwagusa wanakufa. Mwaka 2020 watafiti walitangaza hata mnyama wa namna hiyo, kimelea kidogo cha samaki salmon kiitwacho Henneguya salminicola, kisicho na vinasaba vya kupumulia vya mitokondria, yaani visehemu vya seli vinavyotumia oksijeni kutoa nguvu. Harufu ile ya tope ni gesi ya sumu kwa sato, kwa hiyo jiwe usilizamishe mpaka chini. Lining'inize shubiri moja juu ya tope, lisije likalitibua.

Nyota tatu na nusu kwa tano. Mawe ya akiba wanauza 2,000. Chukua mawili kabisa ukiwa hapohapo dukani.