Tahadhari: muuzaji wa seti za gofu za "zamani" anayezunguka Dodoma na Morogoro

Ndugu wachezaji wenzangu, hasa mnaoishi Dodoma na kusafiri mwishoni mwa wiki kwenda kucheza Morogoro, ninaandika kuwatahadharisha juu ya mtu anayeuza seti za fimbo za chuma akidai kuwa ni za kale na adimu. Seti zake zote ambazo nimepata kuzishika ni mchanganyiko wa vichwa vya vizazi tofauti vilivyofungwa kwenye mipini iliyokatwa na kubandikwa upya, na mojawapo ina vichwa ambavyo si chuma kabisa. Jina lake silitaji, kwanza kwa sababu hulibadilisha kila anapobadilisha laini ya simu, na pili kwa sababu baadhi ya waliouziwa wamekwisha kufungua taarifa polisi. Nitaeleza namna anavyofanya kazi, kwa kuwa mbinu yake imebaki ileile kwa kila niliyezungumza naye.

Mtu huyu ni mpole na mwenye adabu nyingi. Huingia kwenye makundi ya WhatsApp ya wachezaji kwa kuletwa na mtu anayefahamika, hukaa kimya kwa muda, kisha humfuata faragha yule aliyesikika akilalamika juu ya bei ya fimbo mpya. Huwaamkia wakubwa shikamoo, hutuma picha nzuri sana, na hadithi hufuata baada ya picha.

Hadithi yake kuu ni ya Kongwa. Anasema fimbo zilikuwa za ofisa Mwingereza wa mradi wa karanga, aliyeziacha kwa mpishi wake alipoondoka nchini, na kwamba wajukuu wa mpishi huyo wanaziuza ili walipe ada. Imetungwa kwa ustadi, kwa maana mradi wenyewe ulikuwapo kweli: Waingereza waliuanzisha mwaka 1947, Kongwa ikawa kitovu chake, na mwaka 1951 ukaachwa baada ya ukame na ardhi ngumu kuwashinda. Mtu aliyekulia Dodoma anaposikia neno Kongwa hujenga imani haraka. Hata hivyo, fimbo zilizoambatanishwa na hadithi hiyo zina mgongo uliochimbwa, uzito wake umesambazwa pembezoni mwa kichwa, na zina chapa ya Ping Eye2, yaani aina ya Eye2 ya kampuni ya Ping. Karsten Solheim, mhandisi aliyeanzisha Ping huko Marekani, alianza na fimbo ya kusukumia mpira shimoni mwaka 1959, na Eye2 ilikuja kuuzwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Ofisa wa karanga hangeweza kumwachia mpishi wake fimbo iliyobuniwa miaka thelathini baada ya mradi kufa.

Fimbo ya kweli ya miaka ya 1940 haifanani na hizo hata kidogo. Kichwa chake ni chembamba na kidogo, kimefuliwa kwa chuma laini, mgongo wake haukuchimbwa, na mara nyingi shingoni kuna msumari mdogo uliopitishwa kuushika mpini. Mpini wa chuma si kasoro katika fimbo ya umri huo, kwa sababu R&A (wasimamizi wa sheria za gofu wenye makao Scotland) iliuruhusu tangu mwaka 1929; ni kabla ya hapo ndipo mipini ya mti wa hikori ilipotawala. Ninalisema hili kwa makusudi, maana kuna mwenzetu aliyetaka kukataa seti halali ya mzee mmoja wa Morogoro kwa kudhani kwamba kila fimbo ya kale lazima iwe na mpini wa mti.

Hadithi ya pili anayoitumia ni ya marufuku. Anadai kwamba Eye2 "zilipigwa marufuku kwa sababu zinapiga vizuri kupita kiasi", na mchezaji wa ridhaa anayehangaika na hendikepu yake (kipimo cha kiwango cha uchezaji) husikia maneno hayo kwa moyo uliofunguka. Ukweli ni tofauti. Mwaka 1987 chama cha gofu cha Marekani, USGA, kilisema mifereji ya uso wa fimbo hizo, yaani mistari iliyochongwa mahali panapogonga mpira, imekaribiana kupita kiwango. Ping ikapinga mahakamani, na mwaka 1990 pande mbili zikapatana kwamba zilizotengenezwa kabla ya tarehe 1 Aprili 1990 zihesabiwe kuwa halali. Sheria mpya ya mifereji ilipoanza mwaka 2010 iliwabana wachezaji wa kulipwa wa mashindano makubwa, na ndiyo maana mchezaji wa kulipwa wa Marekani, Phil Mickelson, alizua mjadala mwanzoni mwa mwaka huo alipotumia weji (fimbo ya mapigo mafupi ya juu) ya Eye2 kwa kutegemea mapatano yale ya zamani. Mchezaji wa kawaida anaruhusiwa kutumia fimbo za kabla ya 2010, isipokuwa pale kamati ya shindano ilipoweka sharti maalumu la mifereji. Vilevile fimbo hizo si adimu, kwa kuwa Eye2 ni miongoni mwa fimbo za chuma zilizouzwa kwa wingi zaidi katika historia ya mchezo huu. Kwa hiyo shilingi 1,800,000 alizomtajia mwenzetu mmoja kwa seti ya chuma ya kawaida haziwezi kutetewa kwa hoja ya uadimu.

Palipo na udanganyifu mkubwa zaidi ni kwenye seti anayoiita ya shaba. Ni kweli kwamba Ping walitengeneza Eye2 za mchanganyiko wa shaba na beriliamu, zenye rangi ya kahawia inayoelekea dhahabu, na kwamba wakusanyaji huzilipia zaidi kuliko zile za chuma. Mchanganyiko huo haushikwi na sumaku. Seti aliyoiuza Dodoma ilishikwa na sumaku papo hapo, kila kichwa, na nilipokwangua kidogo kwa ukucha ndani ya shingo, rangi ilibanduka na chuma cheupe kikaonekana. Nilitumia sumaku ya spika mbovu, ambayo fundi redio yeyote atakupa bure. Anayekutana na shaba ya kweli asimruhusu fundi kuisaga wala kuipiga msasa, kwa sababu vumbi la beriliamu linadhuru mapafu.

Sumaku hiyohiyo hutumika kinyume kwa fimbo za rangi ya fedha. Vichwa vya chuma kilichofuliwa, na vile vya Eye2 vilivyosubiwa kwa chuma kisichoshika kutu, vinashikwa na sumaku. Kichwa cha rangi ya fedha ambacho sumaku inateleza juu yake bila kushika kinapaswa kukutia shaka kubwa ya kuwa ni cha mchanganyiko wa zinki, aina inayotumika kwenye seti za bei ya chini kabisa na kwenye nyingi za bandia. Zinki ni laini na dhaifu. Shingo yake huvunjika, na kwenye ardhi yetu ya kiangazi, yenye changarawe na ngumu kama sakafu, haitachukua muda.

Hapo ndipo suala linapotoka kwenye fedha na kuingia kwenye usalama. Katika seti moja niliyoletewa, pete nyeusi ya plastiki iliyo chini ya mpini ilikuwa imeteremka, na nilipokizungusha kichwa kwa mkono kikazunguka. Ndani hapakuwa na gundi ya epoksi inayotakiwa, bali gundi ya haraka ya dukani, ile ya kubandikia viatu na vyombo vya plastiki. Kichwa cha fimbo namba 7 kina uzito wa takriban gramu 270. Kikichomoka katikati ya pigo huruka kwa mwendo wa hatari, na mara nyingi anayesimama karibu ni kedi, mbebaji wa mkoba wa fimbo, kijana ambaye hakuhusika kwa namna yoyote na ununuzi huo. Kwa upande wangu kosa hili ni baya kuliko uongo wa Kongwa, kwa kuwa uongo unakula fedha tu.

Seti hiyohiyo ilikuwa na jambo jingine ambalo mnunuzi hawezi kuligundua kwa macho. Namba 7 haikuwa namba 7 (kadiri namba inavyokuwa kubwa, uso wa fimbo huegemea nyuma zaidi na mpira huenda karibu zaidi). Ilikuwa namba 6 ya seti nyingine ambayo namba yake ya asili ilisagwa, ikagongwa nyingine na kupakwa rangi, hivyo mwenye seti alikuwa na fimbo mbili zinazopeleka mpira umbali uleule na pengo kubwa kabla ya namba 8. Alikuwa ameanza kuamini kwamba pigo lake ndilo lenye kasoro. Simu yenye programu ya kupimia pembe, ikiegemezwa kwenye uso wa kila fimbo huku mpini umesimamishwa wima, inatosha kufichua hili, kwa kuwa pembe inapaswa kuongezeka kwa digrii tatu au nne hivi kutoka namba moja hadi inayofuata. Pangeni pia fimbo zote ukutani kwa mfuatano: kila moja inapaswa kuwa fupi kuliko iliyotangulia kwa nusu inchi hivi. Mkiwa na mizani ya jikoni na fimbo iliyokwisha kufunguliwa, vichwa huongezeka takriban gramu 7 kwa kila namba. Kwa Ping angalieni zaidi namba ya utambulisho iliyogongwa shingoni, ambayo katika seti kamili hulingana, pamoja na nukta ya rangi inayoonyesha pembe ambayo mpini umeinamia. Seti yenye nukta nyeusi kwenye fimbo tatu na za rangi nyingine kwenye zilizosalia imeokotezwa.

Kuhusu umbali, muuzaji huyu hupenda kumpeleka mteja kwenye eneo la wazi nje kidogo ya mji na kumwonyesha mpira ukienda mbali. Wakati wa kiangazi mpira ukidondoka huko hubingirika sana, jambo ambalo halitatokea kwenye nyasi za Morogoro. Fimbo halali ya kale kwa kawaida hupeleka mpira karibu zaidi kuliko mpya ya namba ileile, na hiyo si dosari. Namba 7 ya miaka ya 1970 mara nyingi ina pembe ya digrii 35 hadi 38, ilhali nyingi za leo zilizotengenezwa kwa wachezaji wa kawaida zina digrii 28 hadi 31. Tofauti hiyo ni sawa na namba mbili nzima. Anayekuhakikishia kwamba seti ya kale itakuongezea yadi ama hajui anachouza, ama anajua vizuri sana.

Ninawaomba msielewe kwamba ninapinga fimbo za zamani. Mimi mwenyewe ninacheza nazo na sina mpango wa kuziacha. Kwa anayeanza, ningependekeza zenye mgongo uliochimbwa, kwa kuwa zinasamehe mpira unaogongwa nje ya kitovu cha uso. Zile nyembamba zilizofuliwa, mfano za Wilson Staff au MacGregor, ni tamu mkononi lakini humwadhibu mwenye pigo lisilotulia, na namba 2 na 3 zake zitakaa mkobani tu. Kutu nyepesi juu ya kichwa si tatizo. Kutu ndani ya mpini ni tatizo, na husikika kama mchakacho ukiutikisa karibu na sikio. Seti nzuri hupatikana kwa wanachama wanaobadilisha vifaa, na mwalimu wa klabu au kedi mwenye uzoefu atakuambia fimbo fulani imetoka kwa nani na imetengenezwa mara ngapi.

Lililobaki ni malipo. Picha anazotuma zinatoka kwenye minada ya nje. Katika mojawapo, nyuma ya fimbo palionekana dirisha lenye theluji, naye alisema seti iko mtaa wa Kisasa, Dodoma. Mtakeni apige picha mpya akiwa ameweka karatasi yenye tarehe ya siku hiyo kando ya namba iliyo shingoni. Amekuwa akikwepa ombi hilo kwa kusema simu yake ina kamera mbovu. Hudai malipo ya awali "ya kushikilia mzigo" kupitia simu, na jina linalotokea kabla ya kuthibitisha muamala halifanani na alilojitambulisha nalo. Akiulizwa, anasema ni la shemeji yake. Mzigo huletwa stendi wakati giza linaingia, umefungwa kwa nailoni na gundi ya karatasi kiasi kwamba mteja hulipa salio kabla ya kuufungua. Siku inayofuata namba haipatikani.

Aliyekwisha kulipa ahifadhi ujumbe wote wa muamala na mazungumzo bila kufuta chochote, aende kituo cha polisi na kueleza kwamba udanganyifu ulifanyika kwa njia ya mtandao, kwani Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inahusika. Namba ya simu iliyotumika itumwe kwenda 15040, ambayo ni huduma ya kuripoti matapeli wa simu, na suala la chapa bandia lifikishwe Tume ya Ushindani, yaani FCC. Mwenye seti iliyotoka kwa mtu huyu asiitumie uwanjani, na pia asiifungue wala kubadilisha mishikio yake kabla polisi hawajaiona, kwa sababu gundi iliyo shingoni na namba zilizosagwa ndizo ushahidi wenyewe.