Glavu ndefu zisizo na vidole: uzi wa sufu au wa akriliki?

Baridi ya Juni ikitanda Njombe na Limuru, wafumaji huanza kubishana upya.

Kwa bei, akriliki inashinda bila ubishi. Maduka ya nyuzi yanayo kwa rangi zote, na ikikuishia katikati ya kazi unaongeza. Sufu ni ghali, na mara nyingi huagizwa mbali.

Kwenye joto mambo yanageuka. Sufu hunyonya unyevu hadi karibu asilimia 30 ya uzito wake kabla hujahisi kulowa, kwa hiyo ukungu wa alfajiri hauishindi. Tena inanyumbuka: fuma ukingo wa juu kwa vitanzi viwili vya mbele na viwili vya nyuma, glavu itashika mkono hadi karibu na kiwiko. Kwa akriliki ukingo huohuo hulegea mapema, glavu ikateremka na kujikunja kwenye kifundo cha mkono. Inaudhi kweli! Ukiitumia, punguza vitanzi vichache tangu mwanzo.

Jikoni nahimiza tahadhari zaidi, maana akriliki ikishika moto huyeyuka na kuganda kwenye ngozi. Sufu haishiki moto kwa urahisi.

Kufua? Akriliki huingia beseni moja na nguo nyingine. Sufu ukiisugua kwa maji ya moto husinyaa na kugandamana. Nondo nao huipenda.

Mtoto wa shule anayepoteza glavu kila muhula, mfumie akriliki. Dereva wa bodaboda anayetoka saa kumi na moja alfajiri atafaidi sufu, mradi ngozi yake haiwashwi nayo.