Bunduki ya bolti kwa shabaha ya mbali: ipi ya kwanza, ipi ya kuacha

Bunduki ya bolti ni ile unayoikoki kwa mkono kila baada ya risasi. Amua kaliba, yaani aina na ukubwa wa risasi, kabla hujataja jina la bunduki. Watu wengi huanza na picha ya bunduki waliyoipenda, wakaja kugundua baadaye kwamba risasi zake ni ghali au hazipatikani, na bunduki ikalala kabatini. Kwa mnunuzi wa kawaida mjadala uko kati ya .308 Winchester, iliyoingia sokoni mwaka 1952, na 6.5 Creedmoor, iliyotolewa na Hornady mwaka 2007.

Creedmoor ina risasi nyembamba na ndefu inayopasua hewa vizuri. Ya kawaida ya mashindano ina uzito wa gramu 9 hivi na hutoka kwa mwendo wa karibu mita 820 kwa sekunde. Ikifika mita 1,000 bado ina mwendo wa kutosha, upepo haujaipeperusha sana, na bega lako halijaumia. Risasi nyingi za .308 zikifika hapo huwa zimeshuka hadi karibu na mwendo wa sauti, na ndipo zinapoanza kuyumba. Sifa ya .308 ni uvumilivu: mtutu wake huweza kuvuka risasi 5,000 ukiwa bado unapiga vizuri, wakati wa Creedmoor huanza kuchoka kati ya 2,000 na 3,000. Mtutu ni kitu cha kuisha kama tairi, kwa hiyo uhesabu kwenye bajeti tangu mwanzo.

Mimi ningechukua Creedmoor, isipokuwa kama unalenga F-TR. Daraja hilo la F-Class, mashindano ya shabaha ya mbali ukiwa umelala, linaruhusu .308 na .223 tu, na bunduki pamoja na darubini na miguu yake isizidi kilo 8.25. Soma kanuni za mchezo wako kwanza. Na kibali kitangulie malipo. Usimwachie muuzaji akueleze sheria.

Sasa orodha yangu.

Namba moja ni Tikka T3x TAC A1, inayotengenezwa Finland na Sako. Inatoka kiwandani tayari kwa kazi: chesisi (fremu inayobeba bunduki) ya alumini, kitako cha kurekebisha urefu na sehemu ya shavu, na triga (kifyatulio) ya hatua mbili. Kinachonivutia zaidi ni bolti. Inateleza bila kukwaruza, na mkono wake huinuka nyuzi 70 tu, hivyo vidole havigongi darubini unapokoki haraka. Kasoro yake ni magazini: inatumia za kwake, na za ziada si rahisi. Na ni nzito, karibu kilo 5 kabla hujafunga darubini. Kwa mtu anayepiga akiwa amelala, uzito huo ni rafiki. Anayezunguka nayo milimani atanilaumu.

Ya pili ni Bergara B-14 HMR kutoka Hispania. Kwa macho ni bunduki ya kawaida yenye kitako cha plastiki, lakini ndani ya kitako hicho kuna fremu ya alumini ambayo bunduki inakalia. Kampuni hii ilijijengea jina kwa mitutu kabla ya bunduki kamili, na inaonekana. Tena mwili wake unafuata vipimo vya Remington 700, bunduki maarufu ya Marekani, kwa hiyo triga na vitako vya watengenezaji wengi vinaingia, na magazini ni za mtindo wa AICS, ulioanzia Accuracy International, zilizoenea kila mahali. Anayetaka kuanza na kidogo na kuboresha taratibu aipandishe hii hadi namba moja, sitabishana naye.

Ruger Precision Rifle naiweka ya tatu. Ilipotoka mwaka 2015 ilitikisa soko, kwa sababu vitu vilivyokuwa vya bunduki za bei mbaya vilishuka hadi kwa mtu wa kawaida: kitako cha kukunja na kurekebisha, reli ya darubini yenye mwinamo wa dakika 20 (dakika ni sehemu ya 60 ya nyuzi moja) kwa ajili ya masafa, triga ya kurekebishwa. Hupiga vizuri. Ila ukikoki Tikka kisha ukaikoki hii, mkono wako utakueleza tofauti.

Savage 110 ni ya nne, na ni ya fundi. Mtutu wake hufungwa kwa nati, hivyo mwenye vifaa sahihi na vipimo vya chemba (sehemu ya mtutu inayoshika risasi) anaweza kuubadilisha bila kuupeleka kwenye mashine. Umaliziaji wake haujalainishwa sana.

Accuracy International AT-X ya Uingereza iko nje ya foleni. Ndiyo bora kuliko zote nilizotaja. Kampuni ilianzishwa mwaka 1978, na miongoni mwa waanzilishi wake ni Malcolm Cooper, bingwa wa Olimpiki wa 1984 na 1988, na mtutu wa AT-X hubadilishwa kwa ufunguo mdogo tu. Lakini kwa bei yake unapata Tikka, darubini ya maana na risasi za kujifunzia. Anayeanza haihitaji.

Ukiwa dukani, hakikisha bunduki ni tupu, kisha chukua kipande cha karatasi ukipitishe kati ya mtutu na kitako, kutoka mbele kurudi kwenye chemba. Kikikwama, kitako kinagusa mtutu, na mtutu ukipata moto risasi zitahama kwenye shabaha. Toa bolti, uangalie ndani ya mtutu dhidi ya mwanga. Usidanganyike na kikaratasi cha risasi 3 kwenye tundu moja. Risasi 3 hubahatika. Omba kuona 5, mara mbili. Kundi la matundu la dakika moja ya pembe, yaani milimita 29 kwa mita 100, ni zuri kabisa kwa bunduki ya kiwandani.

Kuhusu darubini, tenga fedha zinazokaribia za bunduki yenyewe. Chagua yenye marekebisho na alama za ndani katika kipimo kimoja, mil kwa mil (mil ni kipimo cha pembe), ambapo klik moja ya 0.1 ni sentimita 1 kwa mita 100. Ipandishe mil 10, irudishe, upige tena. Isiporudi pale pale, irudishe dukani.

Na kama uwanja ulio nao haufiki hata mita 300, ahirisha yote hayo. Nunua CZ 457 au Tikka T1x ya .22, uweke shabaha mita 150. Risasi ile ya polepole husukumwa na upepo mpaka utaona aibu, na boksi zima halikukondeshi.